Upele Uliokuja Nyuma ya Kikohozi

Niliutambua upele ule kwa vidole kabla sijauona kwa macho. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja mwaka 2024, katikati ya msimu wa mvua. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana katika mtaa wetu wa Kadutu hapa Bukavu, katika jimbo la Kivu Kusini nchini Kongo, na binti yangu wa miaka mitatu alikuwa amelala ubavuni mwangu baada ya siku tatu za mafua, kikohozi na homa iliyopanda kila jioni. Nilimpapasa mgongo nijue kama bado anachemka. Joto lilikuwa limeshuka, lakini ngozi ambayo asubuhi ilikuwa laini sasa ilikwaruza kidogo, kama ukuta uliopakwa chokaa bila kusawazishwa. Nikawasha tochi ya simu na kummulika moja kwa moja, sikuona chochote. Niliposogeza tochi pembeni, mwanga ukapita juu ya mgongo kwa ubavu, ndipo kila kipele kilipotupa kivuli chake kidogo, nami nikaviona vyote kwa pamoja, kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Kabla ya saa mbili asubuhi nilikuwa nimekwisha kupewa maelezo matatu. Mama mkwe, ambaye amelea watoto wanane na kuzika mmoja, alisema, “Mama, usimwogeshe mtoto. Acha upele utoke wote. Ukirudi ndani utamshika kifua.” Jirani aliyekuja kuomba moto alitazama kutoka mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili, akauliza kama si mpox. Mdogo wangu akanipigia simu kutoka Bagira, na swali lake la kwanza lilikuwa, “Dada, ulimpa dawa gani?” Mimi nafundisha biolojia katika shule ya sekondari. Kwa zaidi ya miaka kumi nimechora virusi ubaoni na kueleza namna vinavyoingia katika seli, lakini asubuhi ile sikuweza kumjibu yeyote kati ya hao watatu kwa hoja inayosimama. Niliyoyaandika hapa ni yale niliyosoma na kuwauliza wauguzi tangu siku hiyo, kwa ajili ya mzazi mwingine atakayeupapasa mgongo wa namna hiyo gizani.

Kwetu ngozi huonwa kama mlango ambao mwili hutolea uchafu. Ukimwuliza mtu kwa nini mtoto aliyekuwa na kikohozi ametokwa na vipele, atakwambia kwamba ugonjwa unatoka nje. Ukweli ni mwingine kidogo. Virusi vingi vya mafua ya kawaida hukaa katika utando wa pua na koo, na huko ndiko vinakomalizikia. Lakini viko vingine vinavyoingia kwa njia hiyohiyo ya pumzi, kama vile virusi vya surua, rubela, parvovirusi na baadhi ya adenovirusi, ambavyo havitosheki na koo: hupita katika damu, vikasambaa, na vikafika hadi kwenye mishipa midogo kabisa iliyo chini ya ngozi. Hapo seli za kinga huvikuta na kuvishambulia. Mishipa hutanuka, majimaji huvuja, seli hukusanyika mahali pamoja, na mkusanyiko huo ndio tunaouona kama kipele au doa. Mara nyingine virusi wala havihitaji kufika ngozini, kwa kuwa kemikali ambazo kinga imezimwaga katika damu zinatosha kuiamsha ngozi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya upele wa namna hii ni kazi ya mwili wenyewe, na ndiyo sababu mara nyingi hauji siku ya kwanza ya kikohozi bali siku kadhaa baadaye, kinga inapokuwa imepata muda wa kumtambua adui.

Hapo msemo wa mama mkwe ulianza kunishughulisha, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwaka 1954 John Enders na Thomas Peebles walifanikiwa kuvitenga virusi vya surua katika maabara mjini Boston, kazi iliyozaa chanjo iliyoidhinishwa mwaka 1963. Mwaka 1959 Enders na wenzake walieleza jambo lingine lililonikalisha kitako niliposoma: walikuta virusi vya surua katika mapafu ya watoto waliokufa kwa nimonia, ilhali watoto hao hawakuwahi kutokwa na upele wowote. Walikuwa wamekwisha kudhoofishwa na maradhi mengine mazito. Leo inajulikana kwamba jambo hilohilo linaweza kumpata mtu ambaye kinga yake imeharibiwa na UKIMWI: surua inamwingia kifuani na ngozi isiseme kitu. Basi wazee waliosema kwamba surua isiyotoka ni ya kuogopwa hawakusema ovyo. Walipokosea ni katika sababu. Upele haukurudi ndani. Mwili haukuwa na nguvu ya kuutoa.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu, maana mtu akiamini kwamba upele lazima usukumwe nje, atamfunika mtoto mablanketi, atamnyima maji ya kuoga, atampaka majivu au dawa kali ya majani, na atazihesabu siku akiingoja ngozi wakati kifua kinazidiwa. Akielewa kwamba upele ni kivuli cha vita vinavyopiganwa kwingine, ataiacha ngozi ifanye lake, naye atashughulika na maji ya kunywa, chakula, titi kwa anayenyonya, na pumzi.

Surua yenyewe naijua kwa uchungu. Mwaka 2019, wakati macho ya dunia yote yalikuwa kwa Ebola iliyokuwa ikiua Beni na Butembo, ikafika Goma mwezi wa saba na kisha Mwenga katika jimbo letu mwezi wa nane, surua ilikuwa inaenea katika majimbo yote ya nchi. Hadi Januari 2020 vifo vya surua vilikuwa vimepita 6,000, na waliodhaniwa kuugua tangu mwanzo wa 2019 walikaribia 310,000. Ebola ile, hadi ilipokwisha katikati ya 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Silinganishi misiba ili nidogoshe mmoja. Nasema tu kwamba kwa Ebola tulinawishwa mikono na kupimwa joto katika kila njia panda, na kwa surua hatukuogopa, kwa sababu ni jina tulilolizoea tangu utoto. Mwanafunzi wangu mmoja alikosa masomo siku nne mwaka ule; nilipokwenda kwao nilikuta wanamzika mdogo wake wa miezi minane. Chanjo ya surua kwetu hutolewa mtoto akifikisha miezi tisa. Mtoto yule alikuwa hajafika zamu yake ya kuchanjwa kliniki, na kinga pekee aliyoweza kuitegemea ni ya watoto wakubwa wa nyumba za jirani, ambao wengi wao hawakuwa wamechanjwa.

Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani katika chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na kati ya watu kumi wasio na kinga watakaokaa naye karibu, tisa wataambukizwa. Tena mgonjwa huanza kuambukiza wengine yapata siku nne kabla upele haujatokea, wakati ambapo anaonekana ana mafua tu. Ndiyo maana kumtenga mtoto siku ya upele, ingawa ni wajibu, mara nyingi ni kuchelewa.

Kilichonituliza kuhusu binti yangu kilikuwa kalenda. Katika surua, homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu yanayochukia mwanga hutangulia kwa siku mbili hadi nne, na siku upele unapotokea homa haishuki, bali hupanda. Mtoto anazidi kuugua siku ile ile. Upele huanza nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, ukashuka usoni, kifuani, hata miguuni kwa muda wa siku tatu hivi. Ndani ya mashavu, karibu na magego, siku moja au mbili kabla yake, huonekana vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi, ambavyo daktari Henry Koplik wa New York alivieleza mwaka 1896, na vina faida moja kubwa kwetu: utando wa mdomo hausomeki vigumu kwa sababu ya rangi ya ngozi. Binti yangu alikuwa amechanjwa, upele wake ulianzia mgongoni, na homa ilikuwa imeondoka kabla haujatokea. Mpangilio huo wa homa kwanza kisha upele joto likishuka ni wa virusi vingi visivyo na madhara makubwa. Unaojulikana zaidi ni ule wa rozeola, ambao mara nyingi huwapata watoto wasiofika miaka miwili.

Kwa hiyo tangu wakati ule ninaandika katika daftari: siku kikohozi kilipoanza, siku ya homa, mahali upele ulipoonekana kwanza, dawa iliyotolewa na saa yake. Muuguzi anaweza kuitazama ngozi yote ya mtoto, lakini hawezi kuisoma ngozi hiyo siku zilizopita. Hilo ni la mzazi peke yake kumpa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Nilipotafuta picha za upele kwenye simu usiku ule, nilikuta miili iliyojaa madoa mekundu kama waridi, na hakuna hata mmoja uliofanana na mgongo niliokuwa nao mbele yangu. Katika ngozi nyeusi wekundu hufichwa na rangi. Doa ambalo kwa Mzungu ni jekundu, kwetu linaweza kuwa la zambarau, la kahawia iliyokolea, au lisiwe na rangi ya pekee kabisa, likajulikana kwa mguso tu. Wakati wa korona jambo hili lilipimwa. Mapema mwaka 2020 daktari mmoja wa Lecco, Italia, alitoa taarifa kwamba kati ya wagonjwa 88 wa korona waliochunguzwa, 18 walikuwa na dalili ngozini, na baada yake zikamiminika ripoti kutoka nchi nyingi zenye picha za vidole vya miguu vilivyovimba, vipele, na mabonge ya kuwasha. Watafiti walipozikusanya picha 130 kutoka katika machapisho hayo na kuzipanga kwa viwango sita vya rangi ya ngozi, kuanzia nyeupe kabisa hadi nyeusi kabisa, hawakupata hata moja ya viwango viwili vya mwisho. Hata moja. Ugonjwa ulikuwa umefika Kinshasa tangu Machi 2020, lakini ngozi yetu haikuwa kwenye kitabu.

Basi tunabaki na mbinu zetu, na si duni. Mwanga wa mchana karibu na dirisha ni bora kuliko taa yoyote. Tochi imulikwe kwa ubavu. Kiganja kipitishwe polepole mgongoni na tumboni, kisha mahali ambapo ngozi haina vipele, ili tofauti isikike. Wekundu utafutwe pale ambapo rangi ni hafifu: ndani ya kope la chini, kwenye kaakaa, viganjani na nyayoni. Na mama aulizwe. Mama anayempaka mtoto mafuta kila asubuhi anaijua ngozi hiyo kuliko mtaalamu anayeiona kwa dakika tano, na akisema imebadilika, imebadilika.

Kuna upele mmoja ambao katika watoto wengi si kitu, lakini katika familia yetu ni hatari. Parvovirusi B19 iligunduliwa London mwaka 1975 na Yvonne Cossart alipokuwa akipima damu, na jina lake ni la sampuli tu, ya 19 katika kundi B. Huenea kwa pumzi, huanza kama mafua mepesi, na baada ya siku kadhaa humwacha mtoto na mashavu kama aliyepigwa makofi, kisha upele mfano wa wavu mikononi. Kufikia hapo hata haambukizi tena. Katika mashavu meusi makofi hayo hayaonekani kwa urahisi. Lakini virusi hivi hushambulia kiwanda cha chembe nyekundu ndani ya mifupa na kukisimamisha kwa muda wa wiki hivi. Kwa mtoto mzima si tatizo, kwa kuwa chembe zake huishi karibu siku 120 na wiki moja bila uzalishaji hupita bila yeye kujua. Kwa mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu, ambaye chembe zake huishi siku 10 hadi 20 tu, wiki hiyo ni shimo. Mpwa wangu ni wa SS. Mwaka 2022 alipata mafua ambayo wote nyumbani tuliyapata, na wakati sisi tulikuwa tunapona yeye alikuwa anafifia: viganja vyeupe, midomo ya majivu, akihema kwa kupanda ngazi tatu. Alihitaji kuongezewa damu usiku ule. Hakuna aliyeona upele wowote kwake, na hakika hatukuutafuta. Ninachowaomba wenye mtoto wa SS ni kwamba, nyumba ikiwa na mafua na mtoto mwingine ametokwa na vipele, wautazame weupe wa viganja vya huyu wa SS kila siku, asubuhi na jioni.

Swali la mdogo wangu kuhusu dawa lilikuwa la haki. Mtoto akikohoa hapa kwetu, hatua ya kwanza ni duka la dawa, na dawa ya kwanza ni amoksilini, ingawa antibiotiki haiui virusi. Kisha upele unatokea siku ya tano, na hakuna tena anayeweza kusema kama ni wa virusi au wa dawa. Wengi huandikiwa daima kwamba mwili wao unakataa penisilini, na wanapokuja kupimwa vizuri, sehemu kubwa wanakutwa hawana shida hiyo. Walipata tu upele wa ugonjwa uliokuwa unakuja kwa vyovyote. Hilo ni hasara, kwa sababu siku watakapohitaji dawa hiyo kwa nimonia ya kweli watanyimwa. Lakini upo upele wa dawa ambao si wa kusubiri hata saa moja: ngozi inayouma badala ya kuwasha, malengelenge yanayobanduka, vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri. Dawa za jamii ya salfa, ambazo watu wengi hapa hununua kama peremende, zinajulikana kwa kuuleta. Dawa iachwe papo hapo na mgonjwa apelekwe hospitali.

Mabonge ya kuwasha kama ya upupu, yanayotokea hapa na kupotea pale, huwatisha wazazi kwa sababu ya sura yake, nao hukimbilia kulaumu mayai au samaki. Kwa watoto, maambukizi ya virusi ndiyo sababu yake ya kawaida. Ukilizungushia bonge moja mstari wa kalamu, kesho yake kwa kawaida mstari utakuwa mtupu na bonge litakuwa limehamia kwingine.

Jirani yangu naye simlaumu kwa hofu yake. Tangu Septemba 2023 mpox ya aina mpya ilikuwa imezuka Kamituga, mji wa dhahabu ulio katika jimbo letu, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Lakini mpox huenea hasa kwa kugusana, tezi huvimba, na vipele vyake ni vigumu, vyenye mzizi, ambavyo hukua kwa pamoja kutoka kipele hadi lengelenge hadi usaha, na hupenda viganja na nyayo. Tetekuwanga huleta vipele vya rika mbalimbali mahali pamoja, vingine vipya na vingine vimekauka. Hata hivyo macho yanaweza kudanganywa, na mwenye shaka ampeleke mtoto apimwe badala ya kumficha. Mwaka ule nilisikia kuhusu watoto wenye tetekuwanga waliofichwa chumbani kwa aibu.

Kuna doa moja tu ambalo ningetaka kila nyumba ilijue kwa moyo. Kandamiza kipele kwa upande wa glasi ya kunywea maji, glasi iliyo wazi. Wekundu unaotokana na mishipa iliyotanuka hufifia chini ya mkandamizo. Damu iliyokwisha kuvuja nje ya mishipa haifutiki, na katika mtoto mwenye homa madoa yasiyofifia yanaweza kuwa ya homa ya uti wa mgongo iliyoingia katika damu, ambayo huua ndani ya saa chache. Kwetu sisi weusi, doa hilo litafutwe kwanza viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kaakaani. Na mtoto akiwa mlegevu na mgumu kuamshwa, hata kama doa limefifia, asisubiri pambazuko.

Tulikwenda kituo cha afya siku ile kwa mguu, kwa kuwa barabara ya kwetu ilikuwa matope ambayo pikipiki zilikuwa zinayakataa. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo. Nilianza kumwonyesha mgongo. Yeye aliutazama kwa muda mfupi, akapitisha vidole, akakandamiza, akaangalia viganja, akamfungua mdomo, akagusa shingo. Kisha akamwinua blauzi hadi kifuani, akatazama saa yake, akanyamaza dakika nzima. Alikuwa anahesabu pumzi. Zilikuwa 32. Akaniambia kwamba kwa mtoto wa umri huo, 40 au zaidi katika dakika moja ndizo zingemfanya atupeleke mbele, na kwamba nikirudi nyumbani nimhesabu mimi mwenyewe asubuhi na jioni akiwa ametulia, bila kulia wala kunyonya kidole. Hakutupa antibiotiki. Alitupa parasetamoli chache kama homa ingerudi, akaandika katika karatasi kwamba si mpox wala surua, ili shule ya chekechea imkubali.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe yote, na kwanza nikamweleza kwamba alikuwa na haki kuhusu surua isiyotoka. Alinisikiliza bila kunikatiza, akauliza habari za watoto wale wa Boston, akasema mtoto wake aliyekufa mwaka 1987 hakutokwa na upele hata kidogo. Kwa miaka yote tuliyoishi pamoja hakuwahi kunitajia jambo hilo. Jioni ile hakuniruhusu nimwogeshe mtoto, nami sikubishana naye. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuta amepasha maji mwenyewe, ya uvuguvugu, amemkalisha mjukuu wake katika beseni uani, na alikuwa anampitishia kiganja mgongoni polepole, kuanzia shingoni hadi kiunoni.

“Njoo uguse,” akaniambia. “Imelainika.”